Mto Uliofuata Mwezi

Kwako Mama Rehema, mke wangu, uliyetangulia bila kuniaga sawasawa,

Ujue kuanzia leo kwamba mumeo ni mtu mashuhuri. Miaka yote niliyosoma kipimo cha mto Zigi, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, masika na kiangazi, sikukosa hata siku moja. Kuanzia msituni kwenu unakozaliwa mto hadi kule chini unakoingia baharini, hakuna mwingine anayeweza kusema hivyo. Mimi nimesema. Nimesema mbele ya watu, kifua mbele, nimekalia kiti chako cha kamba pale barazani, na mgeni wa ofisi ya maji akawa anaandika.

Usicheke. Najua unacheka, tena umefunika mdomo kwa upindo wa kanga kana kwamba meno yako ni mali ya serikali.

Haya. Ni uongo. Siku nilizokosa ni nyingi kuliko nilizosoma. Wewe ndiye uliyekuwa unashuka mtoni. Mimi nilikuwa nimelala, au niko kwa jirani yetu Kombo nacheza bao, au nimekwenda Kigombe kwa ndugu zangu kula pweza, na mto nimemwachia Mungu na wewe. Uongo huo, Mama Rehema, nusura uniponze. Nusura ukuponze wewe, ndiyo maana naandika.

Siku hizi ukungu unashuka kutoka mlimani hadi mlangoni, unakaa, haugongi hodi. Naamka nikiwa bado nusu usingizini, nasikia ndoo yako ikigusa kizingiti, nasikia kandambili zako zikiteremka kwenye njia ya mtoni, chap, chap, chap, na mimi kama kawaida yangu najigeuza upande wa pili nilale tena. Halafu nakumbuka kwamba hakuna aliyeteremka. Mwaka wa tatu huu, na bado kila asubuhi nadanganyika.

Unakumbuka nilivyokuja huku? Kijana wa Kigombe, mtoto wa maji ya chumvi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikaa kama mgeni. Nikapewa kazi kwa sababu mbili: najua kuandika namba, na hakuna mwingine aliyeitaka. Nikakabidhiwa daftari, penseli, na zile mbao nyeupe zenye namba nyeusi zilizosimikwa majini chini ya daraja. Kazi ni kutazama maji yamegusa namba gani, kuandika, basi. Nikautazama mto, nikaudharau. Kwetu maji ni yale ambayo ng'ambo yake huioni. Haya ya kwenu mtu akitema mate yanafika upande wa pili.

Wewe ulikuwa juu ya jiwe lako, lile jeusi lenye mgongo wa kobe, unafua.

"Wewe ndiye msoma mto?" ukaniuliza.

"Ndiye."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

Nikatafuta jibu hadi ukamaliza kufua, ukakamua, ukajitwika beseni, ukaondoka. Nililipata jibu tukiwa na watoto watatu, halikuwa na faida tena.

Udhaifu wangu unaujua. Miguu yangu ilikuwa inaipenda Kigombe. Nakwenda kwa siku mbili, nakaa tano. Nikirudi daftari lina mapengo kama mdomo wangu wa leo, na mapengo hayapelekwi ofisini. Nikayajaza. Lakini si ovyo ovyo; mimi si mtu wa ovyo. Nilijiuliza, maji hufanya nini? Na mtoto wa Kigombe anajua jambo moja juu ya maji, kwamba yanafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua, bahari inajaa hadi kwenye mikoko. Katikati hapo ni maji mafu, hayaendi mbali. Basi nikawa nahesabu mwezi kwa vidole, nashika penseli. Mwezi mpevu, nikaupandisha mto. Mwezi nusu, nikaushusha. Daftari likapendeza kweli! Namba zinakwenda juu na chini kwa adabu, kama safu ya watu wanaoyumba kwenye maulidi.

Tulikuwa tumeoana miezi michache uliponifuma. Ulikuwa umetoka kujifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, na ulikuwa unasoma kila kitu, hata karatasi ya majani ya chai. Ukasoma na daftari langu.

"Mgosi," ukaniambia, kwa lile neno lenu Wasambaa la kumwita mwanamume, ambalo kinywani mwako sikuwahi kujua kama ni heshima au ni kejeli, "jana jiwe langu lilikuwa kavu lote. Humu umeandika maji yamefika shingoni mwa daraja."

"Mwezi ni mpevu," nikakujibu.

"Mwezi umeingiaje?"

"Maji hufuata mwezi, mke wangu. Hata mtoto mdogo anajua."

Ukanitazama vile mtu anavyomtazama kuku aliyeingia chumbani. "Haya ya kwetu yanafuata mvua," ukasema, "na mvua inafuata msitu. Mwezi hayaujui hata kwa jina."

Kesho yake ukafunga mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, ukanipandisha kwenu.

Safari ile naiota mara kwa mara, na ndotoni ni ndefu kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa kiangazi kikali. Huku chini tuliacha vumbi na mbuzi wanaolamba mawe. Tukapanda, tukapanda, mimi napumua kama mvukuto, wewe unaongea bila kupumzika, hadi tukaingia ndani ya wingu lenyewe. Mimi wingu nilikuwa nimezoea kulitazama kwa chini, kama unavyotazama dari. Sasa liko usoni, lina harufu ya majani yaliyolala, na jua liko mahali fulani juu yetu, jeupe kama yai. Hakuna mvua. Lakini kofia yangu inalowa. Tone. Kimya. Tone tena.

"Nani anamwaga?" nikauliza.

"Hakuna anayemwaga. Mti unakamua wingu."

Nikainua macho. Kila tawi limevaa manyoya ya kijani, na kila unyoya una tone mwishoni, linasubiri zamu yake. Ukanyanyua gauni kidogo, ukakanyaga juu ya majani yaliyooza, maji yakachungulia pembeni mwa wayo wako. Ukaondoa mguu, yakarudi ndani.

"Unayaona haya?" ukasema. "Haya ni ya masika iliyopita. Hayana haraka. Yanashuka ndani kwa ndani, yakifika kwako pale darajani kila kitu kimeshakauka. Wewe unafikiri mto ni ule unaouona."

Ukanipeleka unakoanzia. Nilitegemea makubwa, shimo la kutisha, pengine na joka. Nikaoneshwa kidimbwi chini ya mizizi, ukubwa wa sinia la pilau. Nikakiruka kwa mguu mmoja.

"Nimeuruka Zigi!" nikapiga kelele. "Nitawasimulia Kigombe!"

"Wasimulie pia kwamba ulichuchumaa ukaunywa."

Nikachuchumaa, nikanywa. Baridi yake ilinipanda hadi masikioni. Baada ya hapo sikumbuki sawasawa. Nadhani nililala pale pale, kichwa changu mapajani kwako, na msitu ukawa unanidondoshea tone moja moja usoni, na nikaota niko chini ya bahari lakini napumua vizuri tu. Hata leo nikitaka kulala na usingizi ukigoma, huwa narudi pale.

Tuliporudi nyumbani ukanyoosha mkono. "Nipe penseli."

Nikakupa. Nani angekataa? Na tangu siku ile, nikiwapo au nisipokuwapo, ukawa unashuka. Namba saba zako ulizifunga mkanda, kijistari cha kukata katikati, kama walivyokufundisha darasani. Na pembeni, kwenye safu ya maelezo ambayo mimi sikuwahi kuigusa, ukaandika rangi ya maji. Kioo, yakiwa safi. Chai kavu, msitu ukiwa umenyeshewa na majani yametoa rangi yake. Chai ya maziwa, mvua ikiwa imepiga kwenye mashamba ya mteremkoni na kuteremsha udongo. Miaka ya mwanzo kioo ni nyingi, na chai kavu. Miaka ya mwisho, Mama Rehema, nimegeuza kurasa moja moja na ulikuwa unaandika maziwa, maziwa, maziwa, na hukuniambia kitu.

Na kabla ya kuandika ulikuwa unausalimia. Nilikufuata siku moja nikakusikia, umesimama juu ya jiwe. "Onga makeo," ukauambia kwa Kisambaa, kama unavyomwamkia jirani asubuhi. Mto haukuitika. Wewe hukujali, kesho ukausalimia tena.

Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa ofisi ya maji, anaitwa Bi Mwanahawa, miwani mizito, mpole. Akanisalimu shikamoo, nikaitika marahaba kama mtu mwenye cheo. Akasema kuna watu wanataka kuchota maji huko juu yetu, kwa shamba kubwa, hata wakati wa kiangazi. Kabla ya kuwaruhusu ni lazima ofisi ijue mto huu miaka ya nyuma ulikuwa unashuka hadi wapi, ili wajue kiasi gani kiachwe kiteremke kwetu sisi, na kwa watu wa mjini Tanga ambao wanafungua bomba na hawajui linatoka wapi. Akauliza kama nina madaftari ya zamani. Nikavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Yote yamo, umeyapanga mwenyewe na kuyafunga kwa kitambaa cha kanga yako ya zamani.

Hapo ndipo nilipojitutumua. Kombo alikuwa amekaa pale, wajumbe wawili wa kijiji wapo. "Yote hayo ni mkono wangu," nikasema. "Sikukosa hata siku moja." Bi Mwanahawa akaniuliza mbona miandiko inatofautiana. Unajua nilivyomjibu? Nilimwambia kwamba mkono mwingine ulikuwa unaniuma baridi yabisi, kwa hiyo nilikuwa nabadilisha. Kombo akakohoa. Nikamkata jicho.

Siku mbili yule mama alikaa barazani anasoma, anaingiza namba kwenye kompyuta yake. Siku ya pili mchana akavua miwani.

"Babu," akasema, "mlimani kuna bahari?"

"Bahari? Hakuna."

"Kwa sababu nimetazama na kalenda ya mwezi. Humu kuna vipindi mto unajaa mwezi ukiandama, unajaa mwezi ukiwa mpevu, katikati unashuka. Zigi ulikuwa unapwa na kujaa?"

Kombo alicheka hadi akashika nguzo. Yeye mwenyewe Bi Mwanahawa alicheka, akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akafunga daftari.

"Samahani, babu. Siwezi kuyatumia. Wewe unasema yote umeandika mwenyewe. Kama ukurasa huu umetungwa, nitajuaje kwamba ule mwingine haukutungwa?"

Akaanza kuyarudisha sandukuni, taratibu, kwa heshima, kama anafunika maiti. La kwanza. La pili. Akachukua kile kitambaa cha kanga yako.

Mke wangu, mimi nimeshaumbuka mara nyingi na sikuwahi kujali, unanijua. Lakini nilikitazama kile kitambaa, nikaona asubuhi zako zote zinatiwa sandukuni pamoja na uongo wangu, zinalala kitanda kimoja, na kifuniko kinashuka. Zile za baridi. Zile za mimba ya Rehema, ulipokuwa unateremka umeshika kiuno. Nikasikia chap, chap, chap.

"Yatoe," nikasema.

"Babu?"

"Yatoe tena. Nimekudanganya. Yenye mwezi ni yangu. Yasiyo na mwezi ni ya mke wangu."

Wajumbe wakatazama chini. Nikaeleza yote. Pweza nikaeleza, bao nikaeleza, usingizi nikaeleza. Nikamwonesha namba saba yenye mkanda na saba isiyo na mkanda. Nikamwonesha kioo na chai. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema maneno matupu hayamtoshi, ila kuna njia ya kujua. Huko mlimani kuna shamba la chai ambalo wamepima mvua siku zote na vitabu vyao vipo. Akampigia simu mwenzake aliyeko huko.

Akachagua siku moja kwenye mwandiko wako, mto umepanda ghafla, maelezo: chai ya maziwa. "Nitazamie mvua ya siku moja kabla," akasema kwenye simu. Tukasubiri. Sauti ikajibu: kubwa sana, ilinyesha mchana kutwa. Akachagua nyingine, mto umelala kwa wiki nzima, kioo, kioo, kioo. Sauti ikajibu: hapakuwa na hata tone. Akachagua ya tatu. Mvua ndogo ya kudondoka msituni, na kwako mto umeinuka kidogo tu, chai kavu. Kila alipouliza, mlima ulikuitikia. Uliusalimia mto miaka yote hiyo haukuitika, na siku ile mlima ukauitikia kwa niaba yake, kwa simu ya mtu mwingine, barazani kwako, na wewe hupo.

Kisha akajaribu zangu. Mlima haukunijua.

"Ila hii moja," akasema, akasogeza miwani. "Hii saba haina mkanda. Ni mwandiko wako, babu. Na mwezi ulikuwa nusu, ilipaswa uushushe, lakini umeupandisha sana. Na mvua ipo. Hii ni ya kweli. Ilikuwaje?"

Nikachukua daftari, ingawa nilikuwa nimeshaijua.

Ni siku ile ulipoletewa habari kwamba mama yako amefariki. Uliondoka alfajiri kupanda mlima kwenda kuzika, umejifunga kanga mbili, hukulia. Mlangoni ukageuka. "Mgosi, usome mto. Usiutunge. Mara hii tu. Nitakulipa asubuhi moja." Mvua ikapiga huko juu ulikokwenda. Asubuhi iliyofuata mto ulikuwa unanguruma, jiwe lako halionekani, mbao za kipimo zinatetemeka. Mimi huyu, mvivu wa ukoo mzima, niliingia hadi mapajani nimeshika nguzo ya daraja, nikasoma namba, nikarudi nikaandika. Na kwa mara ya kwanza nikaandika kwenye ile safu yako. Bi Mwanahawa aliisoma kwa sauti, mbele ya wajumbe, na sikuweza kumzuia.

"Chai ya maziwa, nyingi. Mto unakuulizia."

Hakuna aliyecheka. Kombo akasema, "Kumbe."

Basi zangu zimepigwa mstari mwekundu, zako zimechukuliwa. Sijui wataamuaje juu ya lile shamba linalotaka maji. Si mambo ya mtu wa darasa la nne. Lakini asubuhi ya kiangazi kikali kuliko vyote uliyoandika "jiwe langu lote liko nje, kioo", hiyo ndiyo wameishika. Bi Mwanahawa amesema maji yakishuka hadi pale, hakuna wa kuchota. Jiwe lako la kufulia, mke wangu, sasa lina amri.

Na kwenye majalada aliandika upya, kwa jina lako: Msomaji, Halima binti Hoza. Akaniuliza mimi niandikwe nani. Kabla sijafungua mdomo Kombo akadakia, "Mwandike mume wa msomaji." Nimekubali. Tena nimependa.

Sasa pale darajani wamefunga kidude kinachosoma mto na kutuma namba chenyewe. Hakiugui, hakiendi Kigombe. Lakini rangi ya maji hakiijui, wala hakisalimii. Kwa hiyo nateremka mimi, hakuna aliyenituma, na daftari la shule la mjukuu. Magoti yanalia kuliko mto. Nakaa juu ya jiwe, naandika kweli tupu, hata mwezi nimeacha kuutazama.

Ila nimekumbuka jambo, na wewe ni mtu wa haki. Ile asubuhi hukunilipa. Ulirudi kutoka msibani na huzuni yako, sikukudai. Halafu tukazeeka, halafu ukaondoka. Najua wewe ulinisomea elfu na mimi nilikusomea moja, lakini zako hukusema ni deni, yangu ulisema. Basi nakudai asubuhi moja tu. Chagua mwenyewe siku, ukungu ukiwa umekaa mlangoni, uteremke wewe na kandambili zako, mimi nijigeuze upande wa pili nilale. Usiniamshe. Usalimie mto kwanza, uandike maji yana rangi gani, na nikiamka nikute kwenye daftari saba moja tu, imefungwa mkanda.

Wako,
mume wa msomaji